Jina la kupanga si jina lako

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya biashara ambayo haina kibao barabarani wala dalali, lakini inafanyika katika miji yetu kila siku. Ni biashara ya kupangisha majina katika intaneti. Mtu mmoja ananunua jina la tovuti pamoja na nafasi katika seva, kisha anawakatia wenzake vipande vya jina lile: fundi cherehani kipande chake, mwenye duka la vipuri kipande chake, kikundi cha kwaya kipande chake. Wapangaji wanafurahi kwa sababu bei ni nafuu. Mwenye jina anafurahi kwa sababu fedha inaingia naye amekaa. Swali langu la leo ni moja tu: siku mambo yakiharibika, nani anabaki na nini?

Kwanza tuelewane jinsi majina haya yanavyojengwa. Mpango tunaoutumia hadi leo ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Kabla ya hapo kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache, na majina yake yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa huko California. Zilipoongezeka, orodha ile ikazidiwa. Mockapetris akaigawa kazi kwa ngazi, kila ngazi ikiitawala ile iliyo chini yake.

Jina la tovuti husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua jina sw.wikipedia.org. Hiyo .org ya mwisho ni kama mtaa. Wikipedia ni nyumba iliyomo katika mtaa huo. Na sw ni chumba ndani ya nyumba, chumba cha Kiswahili, kilichofunguliwa mwaka 2003. Nyumba ile ina vyumba vya lugha zaidi ya 300, na mwenye nyumba ni shirika moja la Marekani, Wikimedia Foundation. Nyumba huitwa kikoa, na chumba huitwa kikoa kidogo.

Mpango huu hauna ubaya wowote. Chuo kinaweza kuipa maktaba yake chumba, na kampuni inaweza kuipa idara ya mauzo chumba. Ukiwa na kikoa kimoja unachokilipia kila mwaka, unaweza kufungua vyumba kadiri akaunti yako ya seva inavyoruhusu, na kila kimoja hufunguliwa kwa dakika moja bila ada ya usajili. Hapo ndipo mjanja alipoona riziki. Tuseme amepata wapangaji 20, kila mmoja akimlipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 100,000 kwa mwezi, kutokana na vyumba ambavyo kuvijenga hakukumgharimu chochote.

Lakini, ndugu wasikilizaji, chumba kilichofunguliwa kwa dakika moja hufungwa kwa dakika moja pia. Ukisajili kikoa chako mwenyewe chini ya .tz, jina lako linaingia katika daftari la msajili. Kenya daftari la .ke liko KeNIC. Upo utaratibu wa kuhuisha, wa kuhamia seva nyingine bila kupoteza jina, na hata wa kusuluhisha ugomvi. Mpangaji wa chumba hana lolote kati ya hayo. Daftari la msajili halimjui. Linamjua mwenye nyumba peke yake, na akishindwa kulipa ada ya mwaka, nyumba nzima inazimika pamoja na vyumba vyote, hata vya wale waliolipa kodi ya mwaka mzima.

Namfahamu fundi mmoja wa samani aliyefikwa na jambo hilo. Alipangishiwa jina na kijana mmoja wa hapa mjini, akaliandika kwenye kibao cha karakana, kwenye stakabadhi na ubavuni mwa gari. Baada ya miaka miwili kijana akapata kazi mkoani, akaacha kulilipia jina. Fundi akaamka asubuhi akakuta tovuti haipo. Alipompigia simu, kijana alijibu kwa upole kabisa kwamba jina lilikuwa lake na ameamua kuliacha. Kusema kweli hakusema uongo. Hapakuwa na mkataba, wala nakala ya picha zile za vitanda na makabati alizozikusanya fundi kwa miaka miwili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Atakuwepo msikilizaji atakayeniuliza: mbona hata jina linaloishia na .co.tz ni chumba tu ndani ya .co.tz? Ni kweli. Tofauti iko kwa mlinzi wa mlango. Hiyo .co.tz inalindwa na msajili anayejulikana kwa kanuni zilizoandikwa. Wako watu binafsi waliojenga milango inayofanana na huo, na mgeni wa mjini hawezi kuitofautisha.

Mfano mkubwa ulitokea katika Bahari yetu hii ya Hindi, angalau kwa jina. Visiwa vya Cocos, vilivyo chini ya Australia na vyenye wakazi mia kadhaa tu, vina alama yao ya intaneti ambayo ni .cc. Kampuni moja binafsi ilijipatia jina co.cc, ikaanza kugawa vyumba ndani yake kwa bei ndogo, na vingine bure. Kwa mtu asiyejua, jina linaloishia na .co.cc lilionekana kama usajili rasmi wa nchi fulani. Watu wakamiminika. Matapeli nao wakamiminika, kwa sababu chumba cha bure ukifukuzwa leo, kesho unafungua kingine. Mwaka 2011 Google wakachoka. Waliondoa co.cc nzima katika matokeo ya utafutaji wao, zaidi ya tovuti milioni 11 kwa pigo moja. Maelezo yao yalikuwa kwamba uchafu ukizidi sana mahali pamoja, wanaweza kupahesabu mahali hapo pote kuwa pachafu. Humo hawakukosekana watu wenye shughuli halali. Haikuchukua miaka mingi, huduma yenyewe nayo ikazimika.

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Tunaoishi katika nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, tunaijua habari hii. Mpangaji mmoja akifanya chumba chake kuwa kijiwe cha gongo, polisi wakija hawagongi chumba kimoja. Katika akaunti moja ya seva mambo ni hivyo hivyo. Tovuti ya mpangaji mmoja ikiwa na programu iliyozeeka ambayo haijatiwa viraka, mwizi akiingia humo mara nyingi anayakuta mafaili ya wapangaji wote, kwa kuwa wote wanatumia mtumiaji mmoja na neno moja la siri. Mmoja akituma barua za utapeli, anwani ya seva inaingizwa katika orodha nyeusi, na barua za wengine zinarudishwa. Mmoja akila nguvu yote ya seva, wengine wanakwama, kama ilivyo kwa luku moja katika nyumba yenye majokofu sita.

Na hatari haimwachi mwenye nyumba. Wako wenye majina mashuhuri waliowapangishia watu vyumba ili tovuti za wapangaji zipande juu katika Google kwa kubebwa na sifa ya nyumba. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 2019 Google waliieleza dunia kwamba kufanya hivyo hakukuwa kosa, ila mitambo yao ilikuwa ikijifunza kutenganisha mpangaji na mwenye nyumba. Mwaka 2024 wakaenda mbali zaidi. Wakatunga kanuni, ikaanza kutumika Mei mwaka huo, dhidi ya kutumia sifa ya tovuti moja kubeba kazi za watu wa nje. Kwa hiyo anayeuza kivuli cha jina lake ajue kwamba kivuli hicho kinaweza kukatwa.

Wenye busara walijitenga mapema. GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu duniani huweka kazi zao, palikuwa pakiwapa wateja vyumba chini ya github.com, jina lile lile ambalo watu waliingilia kwa neno la siri. Tatizo ni vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti huziacha katika kompyuta ya mgeni ili imtambue akirudi. Chumba kimoja kinaweza kuacha alama inayofanya kazi katika nyumba nzima, na mpangaji mwovu anaweza kuitumia kuwahadaa wageni wa mwenye nyumba. Mwezi wa Aprili 2013 GitHub wakawahamishia wapangaji wote kwenye nyumba nyingine kabisa, github.io. Mwenye nyumba akabaki kwake, wapangaji wakawa kwao.

Basi tufanye nini? Mimi sisemi biashara hii ipigwe marufuku. Kijana anayeijua kompyuta ana haki ya kula kwa ujuzi wake, na mama anayeanza kuuza vitenge ana haki ya kuanza na chumba kabla ya kujenga. Nasema iendeshwe kiutu uzima.

Wewe unayepangisha, soma kwanza masharti ya kampuni iliyokuuzia nafasi ya seva. Nyingi hukataza kuuza tena akaunti ya kawaida, na huwa na akaunti maalumu kwa wanaotaka kupangisha, ambamo kila mpangaji hupewa mtumiaji wake, neno lake la siri na kiasi chake cha nafasi. Chukua hiyo. Usipangishe ndani ya jina la duka lako mwenyewe; nunua jina jingine kwa kazi hiyo. Ipo orodha iliyoanzishwa na Mozilla, ambamo mwenye nyumba anaweza kuomba jina lake liandikwe ili vivinjari vikihesabu kila chumba kuwa nyumba peke yake. Mjue mpangaji wako ni nani na anafanya nini, maana hapa Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye jina liko kwake. Na siku unapotaka kufunga, toa notisi ya miezi mitatu, kama unavyotakiwa na ubinadamu.

Wewe unayepanga, dai karatasi. Iandikwe kodi ni kiasi gani, nani analipia ada ya mwaka na lini, na ukiondoka utapewa nini mkononi. Kila mwezi chukua nakala ya mafaili yako uiweke kwako. Na kabla hujapaka jina kwenye kibao cha duka, jiulize: jina hili ni langu? Kama biashara imeshika mizizi, sajili kikoa chako mwenyewe kwa jina lako mwenyewe, si kwa jina la fundi wa kompyuta. Kisha mwombe mwenye nyumba ya zamani aelekeze wageni wako kwenye anwani mpya kwa miezi kadhaa. Hilo kwake ni kazi ya dakika chache, ila liandikwe mapema, wakati bado mnacheka pamoja.

Wataalamu walipochagua neno kikoa sijui kama walikumbuka kwamba wazee wetu waliposema kula kikoa, walikuwa na maana ya watu kula pamoja, kila mmoja akileta chakula kwa zamu. Mimi nalipenda neno hilo. Mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakasajili jina moja kwa jina la ushirika wao, kila mmoja akawa na chumba, na ada ikalipwa na wote kwa zamu. Hapo hakuna bwana wala mpangaji, na akiondoka mmoja nyumba haianguki. Kupanga ni kuchagua, tuliambiwa zamani. Anayepanga chumba bila kuuliza funguo ziko kwa nani, hajachagua bado.

Hadi juma lijalo, kwaherini.