Kununua Nyumba ya Mirathi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, S.A.W., na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu msikitini, na mcheni sokoni.

Hutokea mtu akafariki, na kabla matanga hayajaanuliwa, mnunuzi amekwisha fika na fedha mkononi. Humwita kijana mkubwa faraghani, akamwambia kuwa bei ya leo kesho haitakuwapo. Kijana amefiwa, akili haijatulia, hukubali. Mnunuzi hurudi kwake akijisifu kuwa amepata rahisi.

Je, urahisi huo umetoka wapi? Natuhesabu. Marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Hakuacha deni wala wasia. Nyumba yastahili shilingi milioni 48. Thumni ya mjane ni milioni 6. Zilizobaki, milioni 42, ni za watoto: kila mwana 12, kila binti 6. Ikiuzwa kwa milioni 32, mjane hupata 4, na kila binti 4. Basi yule binti mdogo asiyebaleghe amepunguziwa milioni 2, naye hakuulizwa.

Suratun Nisaa imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima kwa dhulma, na imetaka biashara iwe ya kuridhiana. Ridhaa ya kaka si ridhaa ya yatima. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema walii asiuze nyumba ya yatima ila kwa haja au kwa faida iliyo wazi.

Kununua si haramu. Huenda warithi wakahitaji kuuza, na mnunuzi mwema akawa msaada kwao. Lakini na aulize kwanza madeni na wasia, maana hivyo hutangulia mgao. Awakutanishe warithi wote, wanawake wakiwamo. Ahakikishe kuwa msimamizi wa mirathi ana idhini ya mahakama. Bei ithaminiwe na mwaminifu asiye na fungu. Na mjane aachwe amalize eda yake humo ndani, miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa na mimba.

Ewe mnunuzi, jiulize: lau jeneza lile lingalikuwa langu, ningaliridhia wanangu walipwe bei hii?

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu. Amin.