Je, Tumeelewa? Mazungumzo na Wananchi wa Lupingu Kuhusu Kupima Uelewa wa Afya



Tuanze na bahasha ya dawa. Juu yake mtoa dawa ameandika “2 x 3”. Maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Lakini aliyesoma hesabu shuleni aweza kuona sita, akavimeza vyote kwa mkupuo mmoja. Mtu huyo anajua kusoma. Alichokosa ni kuelezwa.

Hicho ndicho kinachopimwa katika uelewa wa afya: je, mtu anaweza kupata taarifa, kuielewa, kuipambanua na kuitumia? Mwaka 2011 swali hilo liliulizwa katika nchi 8 za Ulaya, zikiwemo Ujerumani, Uholanzi na Hispania. Karibu nusu ya waliohojiwa walibainika kuwa na uelewa usiotosheleza. Ikiwa ni hivyo katika nchi zenye shule na hospitali nyingi, hakuna mtu wa Lupingu anayepaswa kuona haya kwa kutoelewa.

Kwa nini Serikali ipime? Kwa sababu macho hudanganya. Mkoa wa Njombe hulima mahindi, viazi na maharage kwa wingi. Anayetazama maghala angesema watoto wa huku wako salama. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto, ukaonesha kuwa takribani nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa taifa zima ni asilimia 30. Kipimo hicho kinatufundisha kuwa kujaa kwa ghala si kukamilika kwa mlo. Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyosukuma halmashauri kutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya lishe.

Katika utafiti huo mama huulizwa pia mtoto alikula nini jana. Hapa ndipo adabu yetu inapoweza kutuponza. Tuseme mtoto alikunywa uji mtupu, lakini mama, kwa kumstahi mgeni, akajibu kuwa alikula na usipa. Jibu hilo litaandikwa. Yakiwa mengi ya namna hiyo, mpango utakaotungwa utadhani samaki wa ziwani wanafika kwenye sahani ya mtoto, kumbe wote wamekwenda sokoni. Jibu la kumfurahisha mdadisi huleta huduma isiyomfaa aliyelitoa.

Vivyo hivyo dirishani pa dawa. Tunaitikia “ndiyo, nimeelewa” ili foleni isonge, kisha tunabahatisha nyumbani. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, cha mezani mililita 15. Atakayekosea kijiko amempa mtoto dozi mara tatu ya aliyoandikiwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne:

1. Kabla ya kuondoka dirishani, rudia kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelezwa, ili mtoa dawa akusahihishe.
2. Uliza: dawa hii ni ya nini, kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi, na nikiona dalili mbaya nifanye nini?
3. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Usipoiona, omba usomewe. Dawa ya maji pima kwa kifaa kilichokuja nayo.
4. Mdadisi akifika, mwombe kitambulisho, kisha mjibu ukweli. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya taarifa zako, na katika Utafiti wa Demografia na Afya swali usilotaka kulijibu unaweza kulikataa. Kukataa ni bora kuliko kupamba.

Nasi tulio katika udhibiti tuna wajibu wetu: lebo isiyoeleweka na mnunuzi ni kasoro ya lebo, na tunataka kuisikia kutoka kwenu.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusifiche kutoelewa. Kuuliza si ujinga.