Dhana Haina Ushahidi



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu.

Sisi Waislamu wa Kisii na Nyamira ni wachache, na kushukiwa tunakujua. Baada ya Westgate mwaka 2013, na Garissa mwaka 2015 walipouawa watu 148 chuoni, kijana mwenye kanzu alitazamwa kwenye matatu kama kwamba risasi alifyatua yeye. Ndugu zetu Wanubi nao, wenye vizazi na vizazi hapa Kenya, walipoomba kipande walihojiwa na kamati, mambo ambayo jirani Mgusii hakuyapitia. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba ule ni ubaguzi.

Haya tunayalalamikia, na ni haki yetu. Lakini hebu tujiulize: yule mama mzee anayeitwa mrogi kijijini, nani anamsemea?

Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa Marani kwa tuhuma hizo hizo.

Sisemi mashaka yetu ni sawa na yake. Kijana wa Kiislamu akishukiwa ana msikiti, ana jumuiya, pengine na wakili. Bibi mara nyingi ni mjane, yuko peke yake, na anayemnyooshea kidole huenda ni mtu wa boma lake anayelitamani shamba. Lakini mzizi ni mmoja: jambo baya limetokea, watu wana hofu, wanamtafuta asiye na mtetezi.

Mwengine atasema, "Uchawi si umetajwa ndani ya Qur'an?" Naam, umetajwa. Lakini kuamini uchawi upo si ushahidi kwamba jirani yako ni mchawi. Dini yetu hata deni inataka mashahidi, sembuse roho ya mtu! Na Suratul Maida aya ya 8 inatuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Bibi huyu hata hatumchukii, tunamuogopa tu.

Basi tufanye nini? Futari ya jioni moja mpelekee yeye, mchana kweupe, majirani wakuone ukiingia na kukaa. Ukisikia jina lake linanong'onwa matangani, uliza: nani ameona? Wakianza kukusanyana, mwambie chifu au polisi kabla ya usiku kuingia. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilifanya kumwita mtu mchawi mbele za watu kuwa kosa.

Anayechukia dhulma ikimpata yeye tu, huyo hajachukia dhulma. Amechukia kuumia.

Allah atukubalie funga zetu. Wabillahi tawfiq.