Mtoto Atakaye Udaktari
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Kombewa



Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumiwe. Watoto wa hapa walishiriki. Basi yafaa tuulize: ni nani miongoni mwao atakayekuwa daktari?

Kabla ya mwaka 1967 shahada ya udaktari haikufundishwa nchini Kenya. Vijana walikwenda Makerere na ng'ambo. Leo Chuo Kikuu cha Maseno, jirani yetu, kinaifundisha. Njia imekuwa fupi, bali mlango ungali mwembamba.

Kwa nafasi zigawiwazo na serikali hapana mahojiano, wala barua ya mzee haisaidii. Huangaliwa matokeo ya KCSE, hasa Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Alama ya A ni pointi 12. Masomo hayo manne hutimiza 48, na wanaoshindana hupungukiwa na chache tu. Kwa hiyo aliyeacha Biolojia mwisho wa Kidato cha Pili amejifungia mlango, hata akipata A ya jumla. Katika mtaala mpya uchaguzi huja kabla ya Gredi ya 10.

Tazameni sasa desturi yetu. Barua ya kuitwa chuoni ikifika, ndipo tunapochanga. Huko ni kumsaidia aliyekwisha vuka. Aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na binti aliyekosa masomo kwa kazi za nyumbani, hatuwaoni.

Wazee watasema fedha ni chache, na mtoto mdogo huenda asifaulu. Ni kweli. Lakini aliyesoma sayansi akakosa udaktari aweza kuwa mwuguzi au afisa wa kliniki. Aliyeikosa sayansi hana hata hilo. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Naomba basi azimio hili: nusu ya fedha zetu za elimu iwasaidie watoto wa miaka ya kwanza ya sekondari, wavulana kwa wasichana, na kila mwaka mwalimu wa sayansi aalikwe awaeleze wazazi habari za uchaguzi wa masomo.