Hasira Iliyokosa Shabaha

Usiku wa Juni 2, 2006, polisi wa Kanada walianza kuwatia mbaroni watu 18, wengi wao vijana waliolelewa Toronto na vitongoji vyake, kwa njama ya kulipua mabomu. Kabla siku mbili hazijapita, msikiti wa Rexdale ulivunjwa madirisha. Waumini wale walikula njama na nani? Aliyejipenyeza kundini na kuwapasha habari wanausalama alikuwa Mubin Shaikh, Mwislamu wa mji huo huo! Mahakama, kwa kazi ya miaka, iliwatia hatiani 11. Mashtaka ya 7 yalifutwa au kusimamishwa. Wavunja madirisha walikuwa wamekwisha kuhukumu kwa usiku mmoja.