Umri wa Namba: Gharama za Ujenzi na Mifumo ya Wingu
Mhadhara wa Umma, Masoro, Kigali

Tumekutana Masoro, na Masoro penyewe ni sehemu ya hoja yangu. Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali lilitengwa huku kwa awamu mbili, hekta 98 kisha hekta 178. Magari ya Volkswagen yanaunganishwa humo tangu 2018, na Juni 2022 likawekwa jiwe la msingi la kiwanda cha BioNTech. Kabla ya kuwa kuta, kila jengo la aina hiyo huwa kwanza jedwali la vipimo na bei. Swali langu ni hili: tangu nondo ziagizwe hadi mwenye mradi ajue zimemgharimu nini, hupita siku ngapi? Nadai kwamba siku hizo huvunja bajeti zaidi kuliko makosa ya hesabu, na kwamba programu za kusimamia gharama kwa njia ya wingu zina thamani kwa kadiri tu zinavyozipunguza.

Mwaka 2002 mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 258 ya usafiri katika nchi 20. Karibu miradi 9 kati ya 10 ilizidi makadirio, kwa wastani wa asilimia 28. Wao walilaumu zaidi makadirio ya mwanzo, yanayoshushwa makusudi ili mradi ukubaliwe. Sipingi. Ila makadirio ya uongo huishi muda mrefu pale ambapo hakuna anayelazimika kuyaona yakikanushwa. Lahajedwali ya kawaida ya eneo la ujenzi hubeba namba mbili, kilichopangwa na kilicholipwa, na katikati hupotea fedha zilizokwisha kuahidiwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Nondo zimetengewa faranga milioni 200, hati za malipo zinaonyesha milioni 120, na mkurugenzi analala usingizi. Wakati huohuo oda ya milioni 70 iko njiani kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo, na mhandisi ameagiza nguzo za ziada zitakazokula milioni 25. Bajeti imeshazidiwa kwa milioni 15, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Katika mfumo wa wingu oda huingia siku inapotolewa, agizo la mabadiliko huingia na bei yake ya makisio, na mtunza stoo, mkadiriaji na mwenye mradi husoma jumla ileile.

Kwa nchi isiyo na bahari kama Rwanda, jambo hili lina uzito wa pekee. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa Februari 2019, hadi mwisho wa Januari 2022, shehena zilizozoea kupita hapo zililazimika kutafuta njia nyingine. Katika hali kama hiyo, aliye na orodha hai ya kiasi kilichobaki kununuliwa huzidisha kwa bei mpya na kujua hatima ya jengo lake kabla ya jua kuzama. Anayesubiri taarifa ya mwezi hujua akiwa ameshamwaga zege.

Wapo wanaosema intaneti na umeme vitakatika. Ni kweli, lakini programu nyingi za aina hii huhifadhi taarifa ndani ya simu na kuzipeleka mtandao unaporudi; kuchelewa kwa saa chache si sawa na kuchelewa kwa wiki nne. Wengine wanahofia data kukaa ughaibuni. Hofu hiyo naiheshimu: bei ya saruji si siri ya mtu, lakini majina na ujira wa vibarua ni data binafsi, na sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 inataka data hizo zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa idhini ya mamlaka. Basi hilo liulizwe kabla ya kununua programu. Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mwizi ataingiza uongo kwenye wingu kama alivyouingiza kwenye daftari. Ataingiza, ndiyo. Tofauti ni kwamba mfumo uliopangwa vizuri huandika nani alibadilisha namba, lini, na ilikuwa ngapi kabla. Daftari likichanwa ukurasa halisemi kitu.

Linalobaki ni la mkandarasi mdogo, na hapa sitaki kupita haraka. Mfumo wa ununuzi wa umma, Umucyo, ulioenea katika taasisi za serikali mwaka 2017, umeonyesha kwamba zabuni zinaweza kuhamia mtandaoni nchi nzima. Lakini Umucyo hujua mkataba na malipo. Haujui nondo zilizokatwa leo asubuhi. Programu zinazojua hayo mara nyingi hulipiwa kwa mwezi, kwa dola, na mkandarasi mwenye mafundi kumi na wawili hana faida ya kuzilipia. Mwenye mradi, hasa serikali, ndiye anayenufaika kwanza na namba mbichi. Kwa hiyo gharama ya leseni iwe kifungu ndani ya jedwali la bei, kama uzio na choo cha wafanyakazi vilivyo. Na mkataba useme wazi kwamba mradi ukiisha mkandarasi anaondoka na nakala kamili ya kumbukumbu zake, ili akienda benki kuomba mkopo wa kazi inayofuata awe na kitu cha kuweka mezani zaidi ya neno lake.