Kabla ya Kusema Basi: Mlengaji Shabaha na Mipaka ya Mwili
Mada kwa semina ya makocha, waamuzi na viongozi wa klabu za kulenga shabaha



1. Utangulizi

Nimeombwa kuzungumzia namna mlengaji wa bunduki anavyoweza kuendelea kushindana mwili wake unapopungukiwa: macho yanapofifia, goti linapokataa kukunjika, presha inapopanda, au ajali inapomwacha kwenye kiti cha magurudumu. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mchezo wetu unamruhusu mtu alenge tangu ujanani hadi uzeeni, kwa hiyo kila mlengaji anayedumu ndani yake atafikiwa na mada hii, awe mzima kiasi gani leo.

Hoja yangu ni moja. Mlengaji anapoanza kupoteza alama kwa sababu ya mwili, sisi makocha hukimbilia kumshauri apumzike. Naomba tupitie kwanza hatua tatu, kwa mpangilio huu: turekebishe mkao wake, kisha kifaa chake, kisha tumtafutie daraja au shindano linalomfaa. Dawa haimo katika hatua hizo, na sababu zake nitazieleza.

2. Mchezo unadai nini mwilini

Katika bunduki ya upepo ya mita 10, alama kumi ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita, na kidonge kinachopigwa kina kipenyo cha milimita 4.5. Mlengaji hupiga vidonge 60 kwa dakika 75, akiwa amesimama, na bunduki inayoweza kufika kilo 5.5. Kwa mita 50, alama kumi ina kipenyo cha milimita 10.4.

Vipimo hivi vinatuonyesha kwamba kinachotafutwa ni utulivu, na utulivu huo urudiwe kwa namna ileile mara sitini. Mbio na nguvu za kuinua mizigo hazina nafasi hapa. Ndiyo maana Msweden Oscar Swahn aliweza kupata medali ya fedha ya timu katika shabaha ya kulungu anayekimbia, kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, akiwa na miaka 72. Hadi leo hakuna mwanamichezo aliyepata medali ya Olimpiki akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Mwili wenye mipaka bado unaweza kutulia, mradi tuujengee mahali pa kutulia.

3. Hatua ya kwanza: mkao

Kanuni kuu ya mkao ni kwamba uzito wa bunduki ubebwe na mifupa, misuli ipumzike. Msuli unaobeba huchoka, na ukichoka hutetemeka. Kwa kijana mwenye afya kosa la mkao linaweza kufichwa na nguvu zake. Kwa mwenye mgongo mbovu halifichiki, na maumivu yake yanamwonyesha kocha mahali pa kurekebisha.

Tuanze na kusimama. Mkao huu huupinda mgongo nyuma na kuuzungusha upande mmoja, tena kwa muda mrefu, na ndiyo maana maumivu ya kiuno ni ya kawaida kwa walengaji. Kwanza, kagua kama kiwiko cha mkono unaobeba kinafika kwenye nyonga au ubavu. Kisipofika, bega linabeba kilo tano peke yake. Pili, inua kilengeo na rekebisha kitako ili bunduki iufuate uso, mlengaji asiinamishe shingo kuifuata bunduki. Tatu, weka stendi ya kupumzishia bunduki kwa urefu ambao mlengaji hatainama. Mtu anayeinama kidogo kati ya kila risasi ameinama mara sitini kabla ya shindano kwisha. Nne, mwenye mgongo unaouma hana haja ya kubeba uzito wa juu unaoruhusiwa. Kanuni zimeweka kikomo cha juu tu, na vyuma vya nyongeza kwenye mtutu vinaweza kuondolewa.

Kupiga goti ndiko kunakowashinda wengi baada ya kuumia goti au kifundo cha mguu. Kanuni zinaruhusu mto mmoja wa mviringo chini ya kifundo, usiozidi sentimita 25 kwa urefu na 18 kwa kipenyo. Wengi hununua mto na kuutumia kama ulivyo. Ufungue, ongeza au punguza ujazo wake. Mto ukiwa juu kidogo, goti halikunjiki sana na kifundo hupata nafuu. Mguu ukifa ganzi, mlengaji ainuke kati ya mfululizo mmoja na mwingine, ajifunze kuujenga upya mkao wake haraka, na muda huo auhesabu mapema katika mpango wake.

Kulala kifudifudi huonekana rahisi, lakini mtu mzima mwenye tumbo au mwenye shida ya pumzi huona kila pumzi na kila pigo la moyo likiitikisa bunduki. Dawa yake ni kulivuta juu goti la upande wa mkono wa kifyatulio. Kiwiliwili huinuka kidogo upande huo, tumbo likapata nafasi, na mapigo hayaonekani sana kwenye kilengeo.

Kwa mikao yote mitatu, mfunze mlengaji kufumba macho akiwa ameshika bunduki, apumue, kisha afumbue. Kama kilengeo kimehama, asisukume bunduki kwa mkono kuirudisha. Asogeze mwili mzima. Mwenye msuli dhaifu au kiungo kinachouma hapati anasa ya kupigana na bunduki yake.

4. Hatua ya pili: kifaa

Macho ndiyo malalamiko ya kwanza ya walengaji waliovuka miaka arobaini. Lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, na pete ya kilengeo cha mbele, iliyo takriban mita moja kutoka usoni, huanza kuwa na ukungu. Mlengaji hudhani mkono wake umeharibika, kumbe anaona vibaya.

Miwani ya kawaida haimsaidii sana. Akilaza shavu kwenye kitako, jicho lake hutazama kupitia kona ya juu ya kioo, karibu na pua, na miwani ya lenzi mbili humpa sehemu isiyo sahihi kabisa. Anahitaji lenzi moja iliyo wima mbele ya jicho linalolenga, iwe kwenye fremu maalumu ya walengaji au kwenye kilengeo cha nyuma, kanuni zinaruhusu. Kuhusu nguvu ya lenzi, mahali pazuri pa kuanzia ni kipimo chake cha kuona mbali, kisha kuongeza +0.50. Nyongeza hiyo ndogo huleta pete ya mbele kwenye ukali bila kuipoteza shabaha. Mwambie aende kwa mtaalamu wa macho akiwa na vipimo vya umbali kati ya jicho na vilengeo vyake, maana daktari asiyejua mchezo wetu atampa miwani ya kusomea.

Tundu la kilengeo cha nyuma nalo lina kazi. Likiwa dogo huongeza ukali wa picha, lakini likiwa dogo mno hukata mwanga, na jicho la mzee linahitaji mwanga zaidi kuliko la kijana. Kilengeo chenye tundu linaloweza kupanuliwa na kufinywa ni ununuzi bora kwa mtu wa miaka hamsini kuliko bunduki mpya. Pete ya mbele nayo iwe pana vya kutosha ili jicho lione ukanda mweupe kuizunguka shabaha.

Wapo wanaolenga kwa bega la kulia lakini jicho lao lenye nguvu ni la kushoto. Wasifinye jicho, kufinya huchosha uso na hutikisa hata jicho linalolenga. Kipande cha plastiki chepesi kisichozidi milimita 30 kwa upana, mbele ya jicho lisilotumika, kinatosha. Tatizo likiwa kubwa, au jicho la kulia likiharibika, mlengaji ahamie bega la kushoto. Uhamaji huo unawezekana hata kwa bingwa. Mhungaria Károly Takács, mlengaji wa bastola, aliumizwa vibaya mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alijifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1948, kisha tena Helsinki mwaka 1952.

Kwa vidole vyenye baridi yabisi, habari ni njema: kanuni za bunduki ya upepo na ya mita 50 haziweki uzito wa chini wa kifyatulio. Kinaweza kulegezwa hadi kiwango ambacho kidole kinachouma kinakimudu, mradi usalama uzingatiwe na mlengaji akizoee kwanza bila risasi.

5. Kuhusu dawa

Nimeiweka sehemu hii hapa kwa makusudi, kwa sababu mwanachama mwaminifu anaweza kujiharibia jina kwa kidonge alichopewa hospitali.

Dawa za presha na moyo zinazopunguza mapigo, kama propranolol na atenolol, zimepigwa marufuku katika mchezo wetu wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano. Sababu iko wazi: moyo ukienda polepole na mkono ukiacha kutetemeka, mlengaji amepata faida. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mlengaji wa bastola Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili baada ya kukutwa na propranolol. Kwa sababu dawa hizi humwongezea mtu uwezo moja kwa moja, kibali cha kuzitumia kwa tiba ni kigumu sana kupatikana kwa mlengaji.

Dawa za kukojoza nazo ni marufuku wakati wote, na nyingine zimechanganywa ndani ya vidonge vya presha. Losartan peke yake inaruhusiwa. Ikichanganywa na hydrochlorothiazide, hairuhusiwi bila kibali. Amlodipine inaruhusiwa. Sindano za aina ya kotisoni, ambazo wengi hudungwa kwa ajili ya goti au bega, zimezuiwa wakati wa mashindano kwa njia zote za sindano tangu mwaka 2022. Mwenye pumu anaweza kuvuta salbutamol bila kuzidi maikrogramu 1600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8. Akumbuke pia kwamba salbutamol yenyewe hutetemesha mikono.

Mlengaji asiache wala asibadilishe dawa kwa ushauri wa kocha. Amweleze daktari wake kwamba anashindana, waipitie pamoja orodha ya dawa zilizokatazwa, na kama kibali cha tiba kinahitajika, kiombwe mapema. Uhai wake unatangulia medali yoyote.

6. Hatua ya tatu: daraja na shindano linalofaa

Kulenga shabaha kumo katika Michezo ya Paralimpiki tangu Toronto mwaka 1976. Madaraja makuu ni mawili. SH1 ni ya wanaoweza kubeba uzito wa silaha wenyewe. SH2, ya bunduki pekee, ni ya wasioweza kuubeba kwa mikono yao, hivyo bunduki hukaa juu ya stendi yenye springi. Springi hiyo inacheza, kwa hiyo kazi ya kuituliza bunduki inabaki kwa mlengaji. Anayehitaji huruhusiwa msaidizi wa kumpakilia risasi. Ndani ya madaraja hayo kuna vipengele A, B na C vinavyoamua kimo cha egemeo la mgongo, kulingana na uwezo wa mtu kukidhibiti kiwiliwili chake.

Mikao nayo imetafsiriwa upya. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu hulenga "kusimama" bila kuegemeza viwiko popote. "Kupiga goti" akiwa na kiwiko kimoja mezani. Na "kulala" akiwa na viwiko vyote viwili mezani. Meza ya namna hiyo seremala yeyote anaweza kuitengeneza akipewa vipimo. Wasioona wana daraja lao pia: hulenga kwa sauti inayopanda masikioni kadiri mtutu unavyoikaribia kumi.

Matokeo yanajieleza. Jonas Jacobsson wa Sweden alishinda dhahabu 17 za Paralimpiki kati ya mwaka 1980 na 2012. Avani Lekhara wa India alipata ajali ya gari mwaka 2012 akiwa mtoto, akapooza miguu. Michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza wa India kutwaa dhahabu ya Paralimpiki, na Paris mwaka 2024 akaitetea kwa alama 249.7. Fainali ina risasi 24. Gawanyeni wenyewe: ni wastani wa alama 10.4 kwa kila risasi.

Kwa walengaji wa masafa marefu upo mfano mwingine. George Farquharson wa Kanada, umri ulipomfanya ashindwe kulenga kwa vilengeo vya kawaida na mkanda, aliomba aendelee kulala mstarini akitumia darubini na egemeo. Ombi hilo lilizaa shindano zima lenye herufi ya kwanza ya jina lake, F-Class. Bunduki ya daraja lenye miguu miwili ya egemeo haizidi kilo 8.25, ya daraja la wazi haizidi kilo 10. Kwa kuwa msaada umeongezwa, kumi ya shabaha imepunguzwa, na ushindani ukabaki mkali. Mwaka 2023 ubingwa wake wa dunia ulifanyika Afrika, mjini Bloemfontein, na leo vijana wenye macho mazima wanashindana humo na wazee.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila klabu iwe na kumbukumbu ya mwili wa kila mlengaji, kwa siri na kwa ridhaa yake: macho, viungo, maradhi na dawa.

Pili, uwanja wa shabaha uwe na angalau nafasi moja inayofikika kwa kiti cha magurudumu, yenye meza na njia isiyo na ngazi.

Tatu, waamuzi wasome kanuni za walengaji wenye ulemavu pamoja na kanuni za kawaida, ili mtu asizuiwe kutumia kifaa ambacho kanuni zinamruhusu.

Nne, mashindano ya ndani yaongeze daraja la wazee na la kulenga kwa egemeo. Hakuna haja ya kungoja maelekezo kutoka juu.

8. Hitimisho

Makocha wenzangu, mlengaji aliyekaa mstarini miaka ishirini ana ujuzi ambao hakuna kitabu kitakachowapa vijana wenu. Akiondoka kwa sababu ya lenzi isiyofaa au mto wa goti ulio mfupi, tumempoteza kwa uzembe wetu. Nawaomba mrudi kwenye klabu zenu, mkamtafute aliyeacha kuja, na mkaanze naye kwenye hatua ya kwanza.